Trekta Langu Limepona, na Sitaki Jirani Ajue

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena upesi, maana Jumapili binti yangu anamleta mtu wa kununua trekta langu na hii kamba nimejifunga mwenyewe.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mmoja, naishi kijijini karibu na mji wa Topola, na mwezi wa tatu nilinunua trekta dogo la bustani, kuukuu, la kukatia majani chini ya miplamu yangu, likawa linawaka vizuri, linakata mistari miwili, kisha linakohoa na kuzimika, basi nikamwita jirani yangu Milisav, mfuga nyuki, mjane kama mimi, aliyekuwa fundi wa matrekta kwa miaka thelathini, akasafisha plagi, akafungua kabureta, akabadilisha mpira wa mafuta, na kila akimaliza anafungua kifuniko cha tangi kutazama petroli, kinatoa sauti ya fyuu, anawasha, linanguruma, tunashangilia, na kesho yake linazimika tena. Na unajua kwetu mtu akikufanyia kazi uani humwachi aondoke na njaa, kwa hiyo ni kahawa, pai ya jibini, kijiglasi cha rakia, pombe yetu kali ya plamu, na siku hizi anakuja amenyoa ndevu na shati limepigwa pasi, jamani, shati la pasi kulalia chini ya trekta, na ananichekesha mpaka nashika mbavu, nyumba ambayo haikuwa na kicheko tangu marehemu aondoke.

Sasa dhambi yangu ni hii. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafuta kile kifuniko, nikaona kitundu chake cha hewa kimezibwa na kitu cha njano, laini, chenye harufu nzuri, nikakitoa kwa sindano, nikawasha, na trekta likamaliza miplamu yote bila kukohoa hata mara moja, nami badala ya kufurahi nikakaa pale pale kwenye kiti cha trekta nikalia, kisha nikakirudisha kile kitu cha njano mahali pake. Milisav alipokuja na likamzimikia, akasema, "Jirani, trekta lako halina adabu, itabidi nije na kesho," nikamjibu, "Njoo, pai ipo." Binti yangu Jasna amechoka kusikia habari za ubovu, anasema liuzwe. Nikisema limepona, Milisav hana sababu ya kuja; nikinyamaza linauzwa, na bado hana sababu ya kuja. Nifanye nini?

Stamenka

Mama Stamenka,

Huoni haya? Mtu mzima analala chini ya trekta na shati safi, nawe unamtazama dirishani huku pai inaiva. Nimekugombeza, yamekwisha. Nimefurahi sana kusoma barua yako.

Sasa isome na wewe. Cha njano, laini, chenye harufu nzuri: hiyo ni nta, mama. Na mwenye mizinga hapo mtaani ni nani? Trekta likizimika baada ya mistari miwili, fundi wa miaka thelathini hutazama kifuniko kabla hajavua koti, kwa sababu tangi lisipovuta hewa petroli haishuki. Ile fyuu aliielewa siku ya kwanza, akatoa uchafu uliokuwa umeziba kitundu, kisha akakiziba kwa nta yake apate sababu ya kurudi. Wewe unamficha, yeye anakuficha, na trekta lisilo na kosa linaitwa halina adabu.

Leo hii mpigie Jasna, mwambie haliuzwi, na umwambie kwa nini. Atanuna kidogo, kisha atacheka. Jumamosi oka pai. Milisav akifika usimruhusu alale chini. Mketishe, weka mezani sindano na ile nta kwenye kisahani, mimina kahawa, sema, "Trekta limepona," kisha unyamaze. Akiwa mwekundu kwa haya, mwongezee rakia.

Na akiuliza kesho aje kwa kazi gani, mwambie aje bila kazi. Vifaa aviache nyumbani. Shati analo tayari.