Plastiki au Misuli

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka! Na msumeno nimechoka, na Meneja nimechoka zaidi. Leo nimekata vipande kumi vya shehena mpya ya plastiki ya viti, nikavivuta kwenye mashine ya kupima nguvu. Saba vimekatika kabla ya kufika kipimo. Nikampelekea Meneja karatasi ya matokeo, hata hakuisoma. Eti si plastiki, ni msumeno wangu — nakata vibaya, kingo zina mikwaruzo, ndiyo maana vinakatika mapema. Huu mwezi wa tatu mfululizo, wimbo ule ule. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Na viti vimeshatoka. Nimeviona kwa dirisha la maabara vikipakiwa.

Kinachoniudhi zaidi: yuko sahihi kidogo. Mikwaruzo ipo.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia ofisini kwake bila kubisha. Ninunulie mashine ndogo ya mezani, nikamwambia, ile inayoyeyusha punje za plastiki na kuzisukuma ndani ya moldi yenye umbo la kipande. Kipande kinatoka laini, hakuna msumeno, hakuna kisingizio. Nilijua atanifukuza. Kakubali! Chagua mwenyewe, kasema, wewe ndiye mtumiaji, fomu utasaini wewe. Nikatoka natabasamu kama zuzu.

Alhamisi, 7 Machi

Muuzaji kaja na mashine mbili. Moja inasukumwa na kompresa ya hewa: unaweka presha, unabonyeza, basi. Nyingine ina mpini mrefu, unauvuta kwa mkono wako mwenyewe. Ndogo, nyepesi, inang'aa. Meneja kaipenda hapo hapo.

Muuzaji kavuta mpini mwenyewe, kwa punje zake alizokuja nazo mfukoni. Kipande safi kama sabuni mpya. Nikamletea punje zetu kwenye kikombe: jaribu na hizi. Eti mashine imeshazoea zake! Imezoea? Ni ng'ombe? Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Meneja anacheka tu. Mbuzi kwenye gunia sinunui mimi. Nimekataa katakata, hadi wameziacha zote mbili mpaka Jumatano.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda kwa mama. Nikamkuta amekalia kiti kipya cha plastiki. Kaka kamnunulia vinne dukani, eti kuunga mkono kazi ya dada. Mama akageuka kunisalimia, kiti kikalia — krii.

Mama, hamia kwenye kochi, nikamwambia. Kanijibu kazaa watano na hajaangushwa, ataangushwa na kiti? Tukacheka. Kisha nikakipindua. Mguu wa nyuma una ufa mweupe, urefu wa kidole. Chini ya kikalio muhuri wa kiwanda chetu, mwezi wa pili. Shehena ya mwezi ule nayo niliiandikia HAIFAI kwa wino mwekundu!

Nimevibeba vyote vinne. Mama kanuna: wageni watakaa wapi? Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Kazi ya dada, loo. Nimelia kwa hasira njia nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Leo punje zetu, joto lile lile, mashine ya mpini. Nimevuta mpini mimi, vipande kumi. Halafu nikamwita Bonge wa stoo, anayebeba magunia mawili kwa mpigo, naye akavuta kumi. Kwenye kipimo, vyangu nane vimekatika mapema. Vyake viwili tu!

Tukahamia ya kompresa. Kumi kumi tena, vimekatika vyangu sita, vyake sita.

Bonge kazitazama namba, kajikuna. Dada, kaniuliza, sasa hapa tunapima plastiki au misuli?

Jumanne, 12 Machi

Nimemwonyesha Meneja namba. Nilidhani mambo yamekwisha. Unajua kasema nini? Safi sana! Basi vyote avute Bonge!

Ndipo nikamwelewa. Hakuna cha wepesi wala cha kung'aa. Mtu huyu anataka mashine yenye kisingizio. Kipande kikipita, plastiki nzuri. Kikikatika, Bonge hakula asubuhi. Jana msumeno, leo mkono, kesho ataniambia ni upepo! Na cheti cha vipimo kina jina langu, si la Bonge, si lake.

Nikamwambia mama yangu anakalia viti hivi. Kasema nipunguze jazba, nitapandisha presha. Presha! Yeye ndiye presha yangu.

Jumatano, 13 Machi

Fomu nimeikuta mezani asubuhi. Keshaijaza yeye: ya mpini. Kaniachia sehemu mbili tu, sababu ya kuchagua na saini.

Nimefuta "ya mpini", mstari mmoja mnene hadi karatasi imetoboka. Nimeandika ya kompresa. Sababu: haijali nani anaibonyeza. Nimesaini. Karatasi za Bonge na zangu nimezibana nyuma.

Halafu nimetoa stuli zote za maabara nje. Nimeacha kiti kimoja, kile cha mama.

Saa nne kasoro. Meneja yuko hapa, anaisoma fomu. Shingo imemvimba. Naandika nisimtazame, labda anadhani najaza ripoti. Anataka tuongee kwa kirefu, kama watu wazima. Nimemwambia karibu, bosi, keti. Kakishika kiti kwa mgongo, kakivuta. Kimelia.

Kakipindua. Anautazama mguu wa nyuma, anautazama muhuri.

Nimemwambia tena: keti, bosi, ni plastiki nzuri.

Bado amesimama.