Farasi Asiyeuzwa

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo, na mama amepaka jikoni rangi ya kijani.

Ulizoea kuniambia biashara siiwezi. Haya, sikiliza! Kwenye mchezo wetu wa kompyuta mimi sasa ni tajiri. Nanunua chuma Jumatatu, wachezaji wakiwa shuleni na bei ikiwa chini. Nauza Jumamosi, wakigombea chuma cha kufulia mapanga ya vita.

Jana nusura nimuuze farasi wako mweupe uliyeniachia mchezoni. Bei ilipanda mara kumi! Baba, ambaye hajakutaja tangu mlipogombana, kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Huyo usimuuze,” akasema. “Mwenyewe akirudi atapanda nini?”

Ni mimi mdogo wako,
Mlanguzi, kama mama anavyoniita siku hizi.