Jina Lililomkaba

Jumatatu, 4 Machi
Daftari la hisabati la binti yangu liko mbele yangu. Kwenye jalada, kwa mwandiko wa mwalimu mpya, kuna jina — si lake! Ni la mtoto wa jirani aliyehama mwaka jana. Nilidhani wamebadilishana. Nikafungua: saba zenye mkia, zile zile zake. Nikamuuliza. Akatazama viatu. "M-m-mwalimu aliniuliza naitwa nani." Basi. Akaenda kuoga.

Ana miaka tisa. Kigugumizi kilimwanza akiwa na minne. Kukwama kwake nimekuzoea. Kulikimbia jina lake — hili sikulitegemea.

Jumanne, 5 Machi
Leo amenieleza, nusu kwa mdomo, nusu kwa penseli. Mwalimu mpya aliwataka wajitambulishe, dawati kwa dawati. Zamu ikamfikia. Jina lake linaanza na herufi inayomkaba. La yule mtoto wa jirani linateleza tu. Akalisema — mara moja, safi! Wenzake walijua, wakanyamaza. Watukutu wale, Mungu awabariki! Wiki tatu sasa anaitikia jina la mtu.

Jina lake ni la marehemu mama yangu. Nilimpa mimi. Sikumwambia hilo. Niliinuka nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 6 Machi
Kazini nimeshona zipu mbili kinyumenyume. Nikafumua.

Baba yake anasema tusimbane. Halafu akaongeza, taratibu, kwamba mimi namsemea mno mtoto. Hata dukani, hata kwa shangazi zake. Nilimwambia asikilize redio yake, mtoto aniachie mimi. Nimekasirika mpaka sasa.

Alhamisi, 7 Machi
Kliniki. Mtaalamu wa matamshi ni mama wa makamo, mpole, hana haraka hata kidogo. Alimuuliza binti anapenda nini shuleni. Nikajibu kuchora. "Mama, nilimuuliza yeye." Akaendelea kuzungumza naye, huku akichora vistari kwenye karatasi. Kumi na moja kwa dakika kumi. Nilidhani anahesabu mara mtoto alizokwama.

Kumbe ni mara nilizomkatiza mimi.

Aibu! Baba yake hakusema "nilikuambia". Heri angesema.

Jumapili, 10 Machi
Siku tatu nangoja amalize mwenyewe. Kungoja ni kazi, jamani! Asubuhi amesimulia paka aliyeingia darasani — chai ikapoa, baba yake akasinzia, lakini paka alifika mwisho wa hadithi. Katikati akaniambia nakunja uso kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nilidhani nimetulia kabisa!

Jioni, tukikunja nguo, nikamwambia jina lake lilikuwa la nani.

"B-bibi naye alikuwa na kigugumizi?"

Nikamjibu: wapi! Bibi yako alikuwa akianza kusema, watu wanavuta viti. Tulicheka mpaka nguo zikamwagika.

Kisha akasema, kwa shida, na mimi nikangoja: kesho anataka kumwambia mwalimu ukweli. Yeye mwenyewe. Mimi nikae nje.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya walimu. Nisipoandika nitaingia. Mwalimu alinikaribisha, lakini binti akanionyesha benchi kwa kidole. Mlango haujafungwa vizuri.

Ameanza. "Mwalimu, m-mimi si-siitwi…" Hapo amefika. Sasa jina lenyewe. Herufi ya kwanza. Tena. Tena. Kimya — mdomo wake naujua ulivyo sasa hivi, na jina zima liko kwenye ulimi wangu.

Mwalimu anataka kumsaidia. "Chukua kalamu, mwanangu, uandike…"

"Ha-hapana. Si-sijamaliza."

Binti yangu huyo! Hajawahi kumwambia mtu hivyo. Mimi sijawahi kumpa nafasi ya kusema hivyo.

Kiti kimelia, nadhani mwalimu amekaa chini.

Anaanza upya. Ile ile herufi. Herufi ya pili imetoka — na jina zima la mama yangu limepita mlangoni, mimi bado nimekaa kwenye benchi.