Matanga ya Watu Watano

Ijumaa jioni, mtaa wa Mapendo.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ndogo isiyotaka kuisha, na volkano haikuonekana siku nzima. Makala yote ya kupikia yamelowa. Nimekaa chini katika saloni, sebule yetu, godoro liko sakafuni, na Baraka amelalia paja langu. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja ili nisimwamshe.

Leo wamemzika papa, baba yangu.

Wamemzika Bukavu, na mimi niko Goma. Ziwa ni hili hili, maji yake yanafika hadi kwao, lakini boti za abiria zimesimamishwa kwa sababu ya ugonjwa. Zamani ningepanda asubuhi, na mchana ningekuwa nyumbani kwetu nalia pamoja na wengine.

Habari ilifika jana mchana. Pacifique, mdogo wangu, hakunipigia mimi, alimpigia mume wangu. Papa Neema, kama ninavyomwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, alikuwa uani anatengeneza mlango wa choo. Tangu ofisi yao ifungwe anatengeneza kila kitu, hata kisichoharibika. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga sambaza. Nilimwona kupitia mlangoni, simu iko sikioni, anasikiliza tu. Kisha akavua kofia.

Mtu havui kofia kwa ajili ya simu. Hapo nilijua.

Alikuja akasimama karibu na babula, jiko letu la makala, akaniambia polepole, "Mama Neema, ikala kwanza."

Sikukaa. Niliendelea kugeuza samaki mpaka wakaungua, nikawageuza hivyo hivyo wakiwa weusi, na yeye akanisubiri. Hakunipokonya kijiko. Nilipokiweka chini mwenyewe ndipo aliponishika mabega.

Papa alikuwa karani wa bandari mpaka alipostaafu. Mtu mfupi, sauti kubwa. Kila Jumapili baada ya misa alitupigia, na hakuwa na salamu. Alianza na swali moja tu: "Nani amelia leo?" Watoto wangu walikuwa wanagombania simu ili washtakiane. Neema amempiga Amani, Amani amemwaga maji ya kunawia mikono, Baraka amekula chaki. Babu yao, ambaye walimwita Koko, aliwasikiliza wote, kisha akatoa hukumu kama jaji, na mara nyingi aliyehukumiwa ni mimi. Siku moja katikati ya hukumu akaanza kukohoa. Alicheka akasema ni vumbi. Jumapili iliyofuata alikuwa hospitali, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kumwona, hata mama.

Jana hiyo hiyo nilitaka kuondoka. Nilitoa mfuko, nikatia vikwembe viwili na nguo za Baraka. Nilisema kuna mitumbwi inayoondoka kwa kificho, kuna watu wanapita. Mume wangu hakukataa. Alimtazama tu Baraka, ambaye nilikuwa nimekwisha kumfunga mgongoni, akanyamaza. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kule. Ningependa aniambie hapana, ili nipate mtu wa kugombana naye.

Basi nikampigia mama, nikijua kwamba yeye ataniita. Nilimwambia nakuja.

"Usikuye, mwana wangu," mama akasema. "Hata miye niko hapa, sikumuona."

Niliufungua mfuko, nikarudisha nguo mahali pake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba papa alikuwa mtu wa matanga. Kwetu mtu akifa, viti vinajaa parsele, uwanja mzima wa nyumba, mpaka vinatoka barabarani, wanawake wanalala juu ya mikeka, kwaya inakuja, shangazi wanagombana juu ya nani apike. Papa hakukosa matanga hata moja ya mtaa wetu. Alikuwa anakaa mbele kabisa, anaimba kuliko kwaya, na njiani kurudi anatueleza mahali walipokosea sauti. Amezika watu wa kila aina, maskini, matajiri, hata jirani ambaye hakuwa akisalimiana naye. Sasa zamu yake imefika, na mikutano imekatazwa.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimfanyia matanga yake mwenyewe. Nilivuta godoro kutoka chumbani, nikalitandika saloni. Nilifunga kikwembe kiunoni, nikakaa chini, mgongo ukutani. Watoto nilikuwa bado sijawaambia kitu.

Walifurahi sana.

Wamefungiwa nyumbani tangu shule zifungwe, na siku zote nimewakataza kugusa godoro. Leo lipo katikati ya nyumba na mama mwenyewe amelikalia. Amani, ambaye ana miaka mitano, aliruka juu yake mpaka akaishiwa na pumzi. Neema alileta mito akajenga nyumba. Baraka alikuwa akianguka makusudi na kucheka kila mara. Mume wangu alitaka kuwanyamazisha, nikamfanyia ishara awaache. Niliwaza kwamba hakuna mwingine atakayekuja, basi hawa wacheke.

Mchana Pacifique akapiga, simu ya picha. Niliona watu wachache waliovaa nyeupe mwili mzima, hata uso hauonekani. Niliona padri amefunga kashene, barakoa ya kitambaa, puani, sauti yake inatoka kama mtu aliye chumba kingine. Niliona mama. Alikuwa amesimama peke yake, na pembeni yake wanawake wawili, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja mbali kidogo. Hakuna aliyemshika. Katika maisha yangu sijawahi kuona mjane ambaye hakushikwa.

Jeneza lilikuwa linateremshwa kaburini, nami sikumsikia Amani akija. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Ule banaweka mule ni nani?" akauliza.

Mume wangu alinyoosha mkono achukue simu. Nilimwambia aache.

"Ni Koko wenu," nikasema. "Koko amekufa."

Neema aliziba mdomo kwa mikono miwili. Ana miaka saba, nadhani alikuwa ameanza kuelewa tangu jana, alipoona sambaza walioungua. Amani alisogeza uso karibu na simu.

"Korona ikiisha, atatoka?"

Sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Alipouliza shule, tulisema korona ikiisha. Misa, korona ikiisha. Kwenda kuogelea, kwenda Ndosho kwa binamu zake, kwenda Bukavu kwa Koko, jibu lilikuwa hilo moja, na alilipokea kila mara bila kulia, kwa sababu alituamini.

"Hapana, Amani," nikasema. "Hata ikiisha."

"Basi mulitudanganya," akasema, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo.

Kwenye simu picha ilikuwa imeganda. Sauti tu ndiyo iliyobaki, sauti ya koleo na udongo wenye mawe. Kisha rezo, mtandao wa simu, ikakatika kabisa. Pacifique alijaribu tena na tena, simu ikawa inaita na kukatika.

Nitaandika ukweli, maana hapa sina wa kumficha. Rezo ilipokatika, nilishukuru.

Nililia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, bila kujizuia kwa sababu ya watoto. Baraka alisimama akanitazama. Huyu ameanza kutembea na kusalimia watu katika miezi hii hii, hajui salamu ya mkono, anajua ya kiwiko tu. Alikuja mbele yangu, akakunja mkono wake mdogo, akanipa kiwiko. Alikishikilia pale, anangoja. Nikamgusa kwa kiwiko changu. Ndipo akaridhika, akanikalia.

Mama Sifa alinisikia. Ni jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mtu wa Masisi, na tangu ugonjwa huu uanze hajaingia kwetu wala mimi kwake. Hakuja mlangoni. Alikuja kwenye ukuta wa mawe, akaweka sufuria ya maharagi juu yake, akarudi nyuma hatua kadhaa ili mume wangu aweze kuichukua. Nilidhani ataondoka. Alibaki pale kwenye mvua, kikwembe juu ya kichwa, akaanza kuimba wimbo wa kanisa lao kwa Kinyarwanda. Maneno sikuyajua yote, sauti niliijua. Nilitoka nikasimama barazani, nikamwitikia pale nilipoweza. Papa angesema tumeanza chini mno.

Neema aliingia ndani akarudi anaburuta kiti. Alikivuta kwenye matope mpaka karibu na ukuta, upande wetu, akakipangusa kwa nguo yake. Mama Sifa asingeweza kukikalia, ukuta ulikuwa katikati.

"Asante, mama," akamwambia Neema, kama vile mtu mzima anavyoambiwa. "Nimeikala."

Aliimba mpaka mwisho, kisha akaenda kwake. Hatukupata mgeni mwingine.

Kabla ya kulala tulisali. Amani, ambaye hakuwa amesema nami tangu mchana, alikubali kupiga magoti karibu yangu. Ilikuwa zamu yake. Aliombea mvua iache, akaombea shule, kisha ulimi ukaenda wenyewe mahali unapokwenda kila jioni, akasema, "Na Mungu uponyeshe Koko."

Neema alifungua mdomo amsahihishe. Nilimbana mkono. Mume wangu alisema Amina, na sisi wote tukasema Amina.

Sasa wamelala wote hapa saloni, hawakutaka kurudi chumbani. Mume wangu amejinyoosha kando ya mlango, miguu yake inapita nje ya godoro. Neema anaongea usingizini. Mvua bado.

Matanga ya siku ya pili yanafanywaje bila watu? Sijui. Mama yangu naye, usiku huu nani amelala pembeni yake? Hilo nalo sijui, na simu yake imezimwa.

Baraka ataamka kabla ya wote, kama kawaida yake, na atataka uji. Nitatafuta makala makavu, niwashe babula. Nitaanzia hapo.