Kifua cha Asumini

Bomani Songea

Shemeji yangu Bakari,

Salaam kwako na kwa wote wa Mbesa. Natumai mko wazima na mtama umekubali mwaka huu. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, ila dada yako Asumini hapumui vizuri, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Unajua nilikuja kuwachongea Wadachi milango ya boma. Vita vimekwisha, njaa imebaki, maana maghala yalichomwa moto. Jirani yetu, mjane wa Kingoni, alikuwa amefukia ulezi wake shimoni askari wasiuone. Alipoufukua ulikuwa umeota ukungu. Asumini, unamjua, kwa ungo hana mpinzani, akaupepeta wote, vumbi la kijivu likamfunika mpaka kwenye kope. Ulikuwa mchungu, lakini nani angeutupa? Tukauosha, tukala pamoja na mjane.

Tangu hapo anakohoa. Jioni homa, na sasa makohozi yana damu. Mganga alimfukiza mizizi. Moshi ukamzidishia, nikamfukuza mganga huyo kwa maneno ambayo sitayaandika. Daktari wa boma akatazama makohozi kwa hadubini, akarudia tena, hakuona vidudu vya kifua kikuu. Hata hivyo anasema ni kifua kikuu. Nilipomweleza habari ya ulezi hakunicheka.

"Kwetu Ulaya watu wanaolisha njiwa nafaka kwa vinywa vyao hupata ukungu mapafuni," alisema. "Huenda ni huo. Siwezi kujua. Na hata ningejua, dawa sina."

Shemeji, neno lenyewe ni hili. Daktari anataka Asumini ahamie kibanda cha wagonjwa wa kifua kikuu, kule bondeni. Kama anao ugonjwa huo, sawa. Kama hana, hataambukizwa hukohuko? Nina hasira, wala sijui nimkasirikie nani. Kwa mila yetu mimi ni mume tu. Kaka ndiye mwenye neno juu ya dada yake. Daktari haelewi kwa nini nakusubiri wewe uliye mbali huko Tunduru, lakini amekubali kungoja mpaka mwezi uandame. Sema basi: aende kibandani, au nitafute watu wa machela nimlete kwenu?

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, ila usimsomee habari ya damu. Msalimu na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyetufungisha ndoa, atuombee dua.

Asumini amelala hapa, ananitazama nikiandika. Ameniagiza nikwambie kwamba hajambo, usijisumbue na safari. Nimeandika kama alivyosema.

Njoo.

Shemeji yako,
Saidi, seremala