Pampu Mbovu Yenye Majibu Kila Mwaka

Bweni la Wasichana, Chumba 14,
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Bibi bado anawapangia kazi wote hapo nyumbani? Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira zimenijaa hadi chakula hakipiti.

Uliniuliza kwenye simu kama uhandisi wetu tunaushika kwa mikono, nikajitia hamnazo kwa aibu. Ukweli ni kwamba pampu ya maabara ina miaka sita haijazunguka. Tunanakili vipimo vya waliotutangulia, tunachora grafu, tunapata alama. Mhadhiri wetu, tuliyembandika jina la Jedwali, anajua fika.

Mimi niliandika kwamba pampu haikuwaka, hakuna vipimo. Nikapewa sifuri! Wenzangu sitini waliopima maji yasiyokuwepo wamefaulu.

Nikapandwa na mori. Nilimbembeleza fundi wa maabara, mtu mzima asiye na makuu, tukaifumua kama ulivyonifundisha karakanani kwako. Mjomba, ni beringi tu! Beringi moja iliyoliwa na kutu. Tulipoibadilisha maji yalifoka, fundi akalowa chepechepe, akacheka, "Kumbe ilikuwa hai muda wote huu!" Nikapima upya. Vipimo havifanani hata kidogo na vile tunavyorithishana.

Unadhani nilipongezwa? Jedwali amenishtaki kwa wakuu wa chuo kwamba nimeharibu mali yao. Nisipoomba radhi kwa maandishi kufikia Jumatatu, nafasi yangu ya mafunzo kazini kwenye kituo cha kusukuma maji atapewa mwingine. Nimeihangaikia mwaka mzima, maana huko ningeshika mashine zinazofanya kazi.

Barua yenyewe Jedwali ameshaichapa, eti mimi nitie sahihi tu. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Binti yangu, hii ni karatasi tu." Nimeisoma mara tatu. Inasema fundi ndiye aliyenishawishi. Naye fundi bado miezi minne tu astaafu; wakimfukuza sasa atakosa kiinua mgongo chake.

Nimekwenda kumwonyesha fundi barua hiyo. Alifuta miwani, akaisoma, akaniambia, "Saini mwanangu, uende ukajifunze kazi." Mjomba, nililia mbele yake kama mtoto. Kazi yenyewe nimejifunza zaidi kwake, kwa siku mbili, kuliko miaka mitatu ya madarasa yao!

Sitatia sahihi. Jumatatu nitawapelekea wakuu wa chuo vipimo vyangu badala ya barua hiyo.

Nisalimie Bibi na binamu zangu wote. Mungu akupe afya na mikono isiyochoka.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima.