Mpaka Anaoujua Madoa

Laikipia, 11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima na kifua kimepona. Nyonga yako je? Dada Mong'ina wa jirani ameniambia kwamba Madoa alikuburuta na kamba yake hadi kwenye majani chai ya watu, nawe hukuninong'oneza hata neno. Nakuandikia kwenye simu, lakini kwa Kiswahili sanifu, maana najua mwalimu aliyestaafu hajaacha kusahihisha.

Nimekutumia kifurushi, utakichukua Kisii mjini. Ndani kuna kola ya Madoa. Ranchi hii ninakofanya kazi inavalisha ng'ombe kola badala ya kujenga ua, na zile za zamani tumegawiwa sisi wafanyakazi. Huhitaji nguzo wala seng'enge. Shika simu, bonyeza pale nilipokuonyesha Krismasi, kisha tembea polepole mahali unapotaka Madoa aishie. Simu itachora mstari. Akiukaribia, kola italia shingoni mwake. Akikaidi, itampiga shoti kidogo. Baada ya wiki mbili atakuwa akisikia mlio tu anageuka mwenyewe. Mstari huo ninauona na mimi kwenye simu yangu, kwa hiyo tutachunga wote wawili.

Kamba itupe. Nisalimie Baba Mdogo Gibson.

Binti yako,
Lorna

Nyacheki, 3 Machi 2024

Mwanangu Lorna,

Hatujambo huku, ila mvua inachelewa na nyonga yangu bado haijapata habari kwamba nimestaafu. Unakula vizuri? Picha uliyotuma ilionyesha shingo tupu.

Kola yako imenipa heshima kijijini. Siku ya kwanza Madoa aliruka nikadhani ameumwa na nyoka. Sasa akisikia mlio anageuka polepole, kama mama mkwe aliyekuta mlango umefungwa. Watu wanakuja kutazama. Baba yako mdogo alisimama upande wake wa chini akacheka hadi akashika mbavu. "Shemeji," akasema, "huyu ng'ombe ana adabu kuliko watu wa ukoo wetu."

Nilizunguka na simu kama ulivyosema. Juu nilifuata barabara, kando nikafuata majani chai. Chini sikufika kwenye miti ya mpaka. Nilikata kona hatua kumi na tisa kabla yake, kwa sababu ya kaburi la baba yako. Sikuweza kukubali Madoa amkanyage na kumnyea kichwani. Ile nyasi ya huko nitaikata kwa mkono nimletee.

Mungu akubariki kwa mkono wako mpana.

Mama yako

Laikipia, 4 Machi 2024

Mama,

Natumaini umeamka salama. Nimecheka ya mama mkwe hadi wenzangu wakaniuliza kulikoni.

Mstari nimeuona, na kona ya Baba pia. Umefanya vizuri. Uache vivyo hivyo.

Lorna wako

Nyacheki, 19 Januari 2025

Lorna mwanangu,

Salamu nakupa kwa sababu ni desturi, lakini si mzima.

Kumbuka Agosti nilikwenda makambi ya kanisa. Niliporudi, miti ya mpaka ule wa chini ilikuwa imeng'olewa. Gibson akasema ilikuwa na wadudu na atapanda mingine. Nikaamini, maana ni ndugu wa baba yako na ndiye aliyemshika kichwa akikata roho. Sikukuandikia. Sikutaka upigane na wakubwa kwa simu. Wiki jana amelima hadi kwenye mstari wa Madoa, akapanda nepia, majani ya kulisha ng'ombe. Kaburi liko katikati ya shamba lake sasa, limezungukwa na udongo mbichi.

Nikawaita wazee wa ukoo. Hati bado ina jina la babu yenu, kwa hiyo hakuna karatasi ya kuonyesha, ni maneno tu. Gibson akasema ardhi ile ni yake tangu zamani, na kwamba alimpa kaka yake mahali pa kulala kwa huruma. Kwa huruma, Lorna. Halafu akasema, "Mbona tunabishana? Muulizeni ng'ombe wake." Wakamswaga Madoa kuteremka. Akafika pale pale, kola ikalia, akageuka. Gibson akawaambia, "Mwenye shamba alitembea mwenyewe na simu, akaonyesha mashine mahali shamba lake linapoishia."

Nilieleza habari ya kaburi na kinyesi. Mzee Makori, mwenyekiti, aliniuliza kama nina shahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, nani angeshuhudia? Kwa hasira nikasema, mashine ndiyo inayomzuia, mvueni kola muone kama hatapita kwenda kula majani ya mume wangu. Miaka kumi amelishwa huko. Mzee Makori akasema ni neno la haki. Watarudi Alhamisi tarehe thelathini, Madoa avuliwe mbele ya watu wote. Atakapoishia, hapo ndipo mpaka.

Atapita, sivyo? Wewe unawajua ng'ombe hawa. Nijibu upesi.

Mama yako

Laikipia, 19 Januari 2025

Mama,

Pole. Pole sana.

Usikubali jaribio hilo. Hatapita. Hapa tuliwahi kuvua kola za kundi zima, na majike wakongwe walisimama kwenye mstari wa zamani wiki nyingi, ingawa upande wa pili kulikuwa na nyasi zinazofika magotini. Hawajui kwamba hakuna kitu. Wanakumbuka shoti.

Nimempigia Mzee Makori. Nimemweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Binti, mama yako ndiye aliyeomba. Na mashine husema ilichoambiwa."

Nimeusogeza mstari hadi kwenye mpaka wa kweli, kwa hiyo kola haitalia tena. Tuna siku kumi na moja. Mvute kila asubuhi apite. Mwekee chumvi juu ya kaburi, Baba atatusamehe. Akinyea, anye. Nimeomba ruhusa ya kuja nikanyimwa, ng'ombe wanazaa. Nitaomba tena kesho.

Mama, uliniambia ulikata kona nami nikakuambia uache vivyo hivyo. Kazi yangu ni mipaka. Nililipwa mshahara kwa kujua jambo hilo na sikulifikiria.

Lorna

Laikipia, 27 Januari 2025

Mama,

Siku nane hujanijibu. Mong'ina anasema simu yako iko lakini huishiki, na kwamba unashinda shambani ukimvuta Madoa. Je, amepita? Hata mara moja? Nimenyimwa ruhusa tena. Niandikie neno moja tu.

Lorna

Nyacheki, 31 Januari 2025

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nisamehe ukimya.

Nilimvuta asubuhi zote hizo. Chumvi niliweka. Nilimbembeleza, nikampiga kwa fimbo, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Siku ya tano aliweka mguu mmoja upande wa pili nikalia kwa furaha, akaurudisha.

Jana walikuja watu wengi kuliko siku ya mazishi. Mzee Makori akamvua kola kwa mikono yake, akawaonyesha watu shingo tupu. Madoa akateremka akila, akateremka, nami nikaomba kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kuomba. Akasimama. Nepia ya Gibson ilikuwa hatua mbili mbele ya pua yake, mbichi, na hakuna aliyemzuia. Alitetemeka ngozi, akageuka. Hakuna aliyecheka. Mzee Makori akasema mpaka ni hapo, na hakunitazama.

Wakapanda miti hapo hapo.

Walipoondoka nilivuka kwenda kwa baba yako, maana nilitaka kumwomba msamaha. Nilitaka kumkinga na mavi, nikamwacha nje ya nyumba yake. Gibson alikuwa anapalilia. Alinyoosha mgongo, akavua kofia, akaniambia kwa heshima kabisa, "Karibu, shemeji." Miaka thelathini na moja nimeolewa katika boma hili, na jana nilikaribishwa kwa mume wangu.

Usijilaumu. Mstari ni mimi niliyeutembea. Usije kupigana naye pia, ni baba yako mdogo na wewe umebaki peke yako. Lakini siku yangu ikifika, msimwombe chochote. Nizikeni upande huu, pale Madoa anaposimama, miguu yangu ielekee chini, kwa baba yako.

Mama yako